Siku Niliyomnyooshea Baba Mkwe Kidole

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshazoea, maana hapa Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, hata mama anayeniuzia mkate asubuhi ananiuliza kwanza kama suruali yangu iko salama ndipo ananipa mkate, na jina langu la Ngoy limepotea kabisa mtaani, siku hizi naitwa Kasuku, na kwa nini Kasuku mtaelewa muda si mrefu, mkinivumilia.

Yote yaliletwa na mchezo wa video, tena mchezo ambao siku hiyo hata haukuwa umefika. Ni mchezo wa mieleka, au catch kama tunavyosema huku, na sisi pale kwenye salle ya Papy (Papy ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, ana chumba karibu na soko chenye televisheni na mabenchi, watu wanalipa kucheza) tulikuwa tunaungoja kama watu wanavyomngoja ndugu anayerudi kutoka Ulaya. Michezo mingine ya mieleka tulikuwa nayo, lakini mle watu wanashikana kiuno, wanasukumana, wanahema, mwishowe hata wewe unayecheza unachoka. Huu mpya tulikuwa tumeonyeshwa video fupi tu kwenye simu, na ndani yake mtu anaruka mpaka juu ya taa, mikono inawaka, moshi unamtoka, na adui anaanguka kabla hajaguswa. Chini ya video watu wa nchi nyingine walikuwa wanalalamika kwamba mambo gani haya, mieleka haiko hivi. Sisi wa Kolwezi tulitazamana. Mieleka iko hivyo hivyo. Mtu yeyote aliyekulia huku ameona mcheza catch akipitishwa mtaani na ngoma nyuma ya gari la kamyoneti, na jioni anaingia ulingoni na dawa yake, anapuliza kiganja, mpinzani anapiga chafya mpaka anakwenda chini. Kwa maoni yetu waliotengeneza mchezo walikuwa wamechelewa tu kuelewa, na tulibishana wiki nzima kama ule moshi mwekundu ni dawa ya kuangusha au ya kupofusha.

Sasa nyumbani kwangu alikuwa anaishi mtu aliyeyafanya hayo kwa mwili wake mwenyewe. Tata Banza, baba wa mke wangu Mujinga, alikuwa mcheza catch enzi za ujana wake, na kule Musonoi wazee bado wanamtaja. Mimi sikuwahi kumsikia akisimulia hata pambano moja, kwa sababu mimi ni mkwe wake, na sisi Baluba tuna buko. Buko ni kwamba mkwe na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali: hamshikani mikono, hamli sahani moja, hamkai benchi moja, na mkiwa na neno linapita kwa mtu wa katikati. Kwetu wa katikati alikuwa Mujinga. Mzee yuko kwenye kiti chake barazani, mimi niko mlangoni, anasema, "Mujinga, umuambie bwana yako mvula inakuya," na mimi nimesikia vizuri kabisa, lakini nasubiri Mujinga atoke jikoni aje aniambie kwamba mvua inakuja. (Nguo zetu zililoa mara nyingi kwa ajili ya heshima.)

Mama mkwe wangu alipofariki tulimleta mzee akae nasi, na tangu hapo hata habari za mvua akaacha kutoa. Anakaa, anatazama geti. Siku moja akasema mvua zikiisha atarudi Kabongo, kijijini kwao, ambako hana mtu tena isipokuwa makaburi ya wazazi wake. Mujinga akamuuliza anaenda kufanya nini huko, akajibu, kungoja. Mujinga alikuwa anapepeta mchele, akaniambia anajua vizuri baba yake anaenda kungoja nini, na machozi yakawa yanaingia kwenye ungo. Nikamchukulia ungo nikapepeta mimi.

Basi siku nyingine niliacha simu kwenye stuli, ile video inacheza, nikaenda kunawa, narudi namkuta mzee ameinama juu yake. Aliponiona akajiinua haraka kama mtu aliyekutwa na mkono kwenye sufuria. Baadaye Mujinga akaja kwangu na ujumbe, macho yamemtoka: Tata anauliza, yule wa kofia nyekundu, dawa yake ni ya nini? Miezi yote ile, na hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nikamrudishia kwamba sisi wenyewe bado tunabishana. Akajibu kwamba sisi ni wajinga, ile ni ya kuangusha, ya kupofusha haina moshi. Mujinga alikuwa anapeleka na kuleta kati ya baraza na mlango, na alikuwa anacheka. Alipomaliza akanishika mkono.

"Ngoy, hiyo jeu ikuye mbio," akaniambia, yaani huo mchezo uje haraka.

Nikajiapia kwamba siku utakapofika, mzee atakaa mbele kabisa, na labda ataona kwamba hata Kolwezi kuna kitu cha kungoja.

Siku ikafika, Jumamosi. Nikavaa suruali niliyofungia ndoa, ambayo ilikuwa imenibana kidogo (haya, sana, mimi sipungui), na ndani nikavaa kalisoni yangu ya kasuku. Ngoja niwaeleze hiyo nguo ya ndani. Kwenye ndoa yetu, kitenge cha familia alikichagua mama mkwe wangu, cha njano chenye kasuku wa kijani, na nusu ya Manika walikishona. Vipande vilivyobaki Mujinga alikataa kuvitupa, akampelekea fundi, na fundi akanishonea kalisoni. Asubuhi hiyo Mujinga aliniona naivaa, akasema imezeeka, niiache. Nikamwambia nani ataiona.

Kwa Papy watu walijaa mpaka nje, madirisha yote yana vichwa. Mzee akakalishwa mbele kwenye kiti kizuri cha plastiki, koti lake la kahawia, kofia gotini, Mujinga kando yake, na mimi nimesimama ukutani upande wa pili kama buko inavyotaka. Tatizo lilikuwa mchezo wenyewe. Papy alikuwa anaupakua tangu jana yake, lakini intaneti yetu mnaijua, ule mstari kwenye skrini ulikuwa unasogea kidogo halafu unalala, na watu walikuwa wanaushangilia ukisogea. Kisha umeme ukakatika. Papy akatoka mbio kutafuta mafuta ya jenereta, joto likapanda, watu wakaanza kunung'unika, na mzee akavaa kofia yake.

"Mujinga, turudi," akasema polepole. "Haya mambo hapana ya miaka yangu."

Mujinga alinitazama mimi. Waliooa wanajua kutazamwa huko.

Ukutani kwa Papy kulikuwa na barakoa nyekundu ya kichwa kizima, ameitundika kama pambo, na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi yake. Niliwaza hivi: mkwe ana uso. Mtu asiye na uso si mkwe wa mtu. Nikivaa ile barakoa naweza kumchekesha mzee dakika chache mpaka umeme urudi, na heshima haijaguswa. (Hoja hii nilikuja kuwaeleza wazee wa ukoo baadaye, walinitazama tu.) Nikaichomoa, nikatokea mlango wa nyuma, nikavua shati, tumbo likatangulia, nikavaa barakoa, nikaingia kwa mlango wa mbele huku mtu ananipigia ndoo kama ngoma.

Niliingia vile wanavyoingia wa kwetu, magoti juu, mabega yanatetemeka, na chumba kizima kikaamka, na siwadanganyi, ilikuwa tamu. Na mnajua desturi, mcheza catch akishaingia lazima aite mpinzani: ananyoosha kidole, anazunguka, anazunguka, anasimama, na aliyeangukiwa na kidole ndiye huyo. Mimi nilikuwa nimepanga kimwangukie jirani yetu mmoja mcheshi aliyekaa benchi la nyuma. Lakini nilipozunguka barakoa nayo ilizunguka, matundu ya macho yakahamia masikioni, nikawa naona kitambaa tu, na kwa vile sikutaka kuharibu nikasimama hivyo hivyo, nikasema kwa sauti nzito, "Wewe. Simama, kama uko mwanaume kweli."

Ndoo ikanyamaza. Nikasogeza barakoa, nikapata tundu moja, na ndani ya tundu hilo alikuwamo Tata Banza, kidole changu kiko karibu kabisa na pua yake.

Kule Kasulo watu wamechimba madini mpaka chini ya vitanda vyao, lakini siku hiyo niliyotaka shimo moja tu la kuingia, chini palikuwa sementi. Kumnyooshea baba mkwe kidole ni kosa, kumwita wewe ni kosa, na kumwambia asimame kama ni mwanaume, hilo sidhani hata lina jina. Na kuomba radhi nako kulikuwa kubaya zaidi, maana ningekuwa namwambia mbele ya watu wote, samahani, sikukukusudia wewe, wewe umeshakuwa mzee. Mcheza catch akiitwa hadharani hasemi hapana. Tata Banza akainuka. Akavua kofia, akampa Mujinga. Akavua koti, akalikunja taratibu, akampa pia. Na mgongo wake, ambao tangu msiba ulikuwa umeinama, niliuona kwa tundu langu moja ukinyooka.

Nikajituliza. Nikajiambia, Ngoy, dawa yake haihitaji kukugusa, atapuliza, utaanguka, mtaachana bila mkono kukutana na mkono, buko itapona. Mzee akainama, akaokota vumbi kidogo, akaliweka kiganjani, akaanza kunizunguka, na wazee waliokuwa dirishani wakaanza kumwita jina lake la ulingoni, Radi, Radi, jina ambalo mimi miaka yote hiyo sikulijua. Akapuliza. Nikapiga chafya, tena ya kweli kabisa (salle ya Papy haifagiliwi), na nikajirusha nyuma kwa moyo wangu wote.

Suruali ya ndoa ilipasuka kuanzia mbele mpaka nyuma, na mlio wake waliokuwa barabarani waliusikia. Nikatua kwenye ncha ya benchi, ncha ya pili ikainuka na kumwaga waliokalia, nami nikabaki chali, miguu hewani. Na mzee, ambaye hakuwa amesahau kitu, akaniwekea goti kifuani, akapiga sakafu kwa kiganja, akanivua barakoa kama mshindi anavyofanya.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anauona uso wangu, na goti la nani liko juu ya kifua cha nani, na chini kidogo kasuku wa kijani wako nje mchana kweupe. Mama mmoja dirishani akakitambua kitenge, akasema, "Kikwembe kile, hata mi niko nakyo." Nikafumba macho. Nilimwona mzee tayari yuko kwenye basi la Kabongo kwa aibu niliyompa, na Mujinga amesimama anatazama basi linavyoondoka, halafu anageuka kunitazama mimi.

Nilipofumbua, mzee hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia kasuku. Akashika ukingo wa kile kitambaa kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitenge sokoni.

"Mama Mujinga njo alichaguaka hii," akasema. "Tulibishana ku soko siku muzima. Mi nilitaka ya bleu."

Kisha mdomo ukamtetemeka, nikajua analia, na ni kweli alikuwa analia, lakini katikati ya kilio kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu mwenye kifua, akakaa chini sakafuni kando yangu, bega kwa bega, anacheka na kujifuta macho, na hapo ndipo salle nzima ikaangua. Mujinga akaja na lile koti. Mzee akalipokea, na akanifunika kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

Halafu akageuka, si kwa Mujinga, kwangu.

"Ulianguka mubaya," akasema. "Mutu anaweza kuvunja shingo vile. Nani alikufundishaka?"

"Hakuna mutu, Tata." Lilikuwa neno langu la kwanza kwake bila kupitia kwa mtu, tangu nimwoe binti yake.

Akatikisa kichwa, akamwangalia Mujinga. "Basi Kabongo mi siende kwanza. Siwezi kukuachia bwana mwenye hajue kuanguka."

Mujinga akageukia ukuta, mabega yakawa yanamtikisika, na mimi nilikuwa nimefungwa koti kiunoni kwa hiyo hata kumfuata sikuweza.

Ukoo ulikaa, nikapewa adhabu yangu, mbuzi na kuku mweupe. Niliwapeleka kwa taxi-moto, mbuzi katikati yangu na dereva, na njia nzima watu waliniita Kasuku. Waliliwa, tukabarikiwa, na buko kati yetu ikafunguliwa, kwa hiyo sasa tunakaa benchi moja. Mchezo nao ulimaliza kupakuliwa. Mzee anaucheza vibaya sana, anabonyeza vitufe vyote kwa pamoja kisha anamlaumu Papy, lakini mle ndani kuna sehemu ya kujitengenezea mcheza catch wako, na alinikalisha mchana mzima tumtengeneze Radi: mabega mapana, mvi hapana, moshi mwekundu ndiyo. Alipomaliza akataka mpinzani wake wa kudumu. Mnene, tumbo wazi, barakoa nyekundu, kaptula ya njano. Kasuku hawakupatikana, akaridhika na madoa ya kijani.

Kalisoni yenyewe Mujinga aliifua, akaitunza pamoja na nguo za mama yake, na mimi nimekatazwa kuigusa. Barakoa sitavaa tena, na kidole changu nakiweka mfukoni. Mvua zilishaisha, na asubuhi mzee ananitoa uani, ananifundisha kuanguka kwenye godoro kuukuu, majirani wanachungulia juu ya ukuta. Juzi nilimuuliza kama sasa ninaanguka vizuri. Alifikiri sana, akaangalia geti, akaniangalia mimi.

"Bado," akasema. "Bado sana."

Nami nimejiapia kitu kimoja tu, kwamba sitajifunza haraka.