Mwuaji wa Koti Refu

Kwa miaka kumi mjini Uvira, Gatera alisimama kando ya televisheni kwenye kibanda cha video, akiwafasiria watu sinema. Kiingereza hakukijua. Alisoma nyuso, akabuni maneno, na watazamaji wakatokwa machozi.

Mwaka 2015, akiwa ng'ambo, mjini Buffalo, aliikuta maktabani sinema ile aliyoipenda kuliko zote: ya Waingereza, ya upelelezi, iliyotengenezwa kwa senti chache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hata kuta zake za kuigiza zilitikisika mlango ulipofungwa. Akaitazama kwanza peke yake. Kazi ya ghala huko Cheektowaga, kando ya mji, ilikuwa imemfundisha Kiingereza, naye akashtuka: mtu wa koti refu, aliyemwita mwuaji miaka yote, alikuwa polisi.

Sasa wazee wa kanisa walimtegemea awafasirie kwa daktari. Wakijua alikuwa akibuni, nani angemwamini tena? Hata hivyo, Jumamosi aliwasha sinema mbele yao katika ukumbi wa kanisa, akakiri.

Mama Nyirabeza, mtazamaji wake wa tangu Uvira, akadakia kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa. "Donc ule polisi tulimutukana bure?"

"Bure kabisa, mama."

"Bon. Na kwa daktari, unabuniaka vilevile?"

Ukumbi ukacheka.

"Muniangalie leo, halafu museme," alijibu Gatera.

Mtu wa koti refu akatokea, akaanza kuzungumza. Gatera alinyamaza mpaka Mwingereza akamaliza, ndipo akafasiri, kwa ufupi uleule. Kule Uvira hakuwahi kumngoja amalize.

"Ile yako ilikuwa tamu zaidi," alisema Nyirabeza. "Lakini Jumatatu utanipeleka kwa daktari."