Bwana Harusi wa Sanduku la Sabuni

Nilihamia Mahajanga na vitu vitatu: cherehani, kofia ya kufuma, na simbilisi dume, kijinyama cha manyoya kisicho na mkia, ndani ya kapu. Cherehani ilisafiri bila maneno. Simbilisi alipiga kelele tangu tulipoiacha Andoany, na kila abiria aliyekuja kuniuliza ni mnyama gani huyo nilimjibu kwa hasira kwamba ninakwenda kuoa.

Mnyama mwenyewe sikumtafuta. Nilikuwa mshonaji pale Andoany, nikiwashonea makarani wa Kifaransa suti nyeupe ambazo hawakujua kuzivaa zikabaki nyeupe. Karani mmoja wa forodha, siku ya kurudi kwao, alichukua suti yake akaniachia kapu nimtunzie mpaka arudi. Nadhani bado yuko njiani. Kwa lugha yao mnyama huyo huitwa nguruwe wa Uhindi. Nguruwe si nguruwe, na Uhindi hajaiona hata kwa mbali, lakini jina hilo sikulitafsiri nyumbani kwa mama mkwe wangu mpaka Mungu alipomchukua, na hata sasa nikilitaja hugeuka nyuma kwanza.

Mke wangu ni wa ukoo wa kisiwa cha Ngazija, na kwa watu wa Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa, huolewa humo humo, na mume ndiye anayesindikizwa kwa udi na vigelegele mpaka mlangoni. Ndoa ikivunjika, huondoka na kofia yake. Sisi wa Marodoka, kijiji cha jirani na Andoany, tulilijua jambo hilo, tukalicheka. Nilipoingia mimi, sikucheka tena. Kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Kila msumari wa kutundikia nguo ulikuwa na mwenyewe. Nikikaa, mtu alikohoa.

Na mama mkwe hakusema nami. Hiyo haikuwa chuki, ilikuwa heshima: mkwe na mama mkwe hawazungumzi ana kwa ana kama watu wa sokoni. Alipokuwa na neno, alimwambia mke wangu, na mke wangu aliniambia, hata kama sote watatu tulikuwa tumeketi chumba kimoja na nimekwisha kusikia. Mke wangu alipokuwa hayupo, mama mkwe aliliambia kapu.

"Mwambie mwenzio," alimwambia simbilisi wangu huku akitazama ukutani, "kwamba nyuzi zake zimejaa katika mchele."

Yeye mwenyewe alifuga simbilisi majike wawili jikoni, ndani ya sanduku la sabuni, kwa sababu watu walisema harufu yao hufukuza nyoka. Sikuona nyoka jikoni mle, kwa hiyo sina la kubishia. Walikuwa wanene, wenye kiburi, na walipiga mbinja kila aliposhika kisu cha kukatia mboga. Mama mkwe alipoona dume langu linalala peke yake barazani, alitoa hukumu kupitia kwa mke wangu: kiumbe asiye na nyumba ni aibu kwa jirani, basi ataozwa.

Na akaozwa kama sisi tunavyooana. Alhamisi alasiri majike walipakwa liwa kichwani. Dume lilifukizwa udi mpaka likapiga chafya. Kisha mama mkwe alilibeba mwenyewe kwa mikono miwili, huku jirani mmoja akipiga kigelegele, akalitia katika sanduku la wake zake, yaani nyumbani kwao. Hiyo ndiyo desturi, na kosa lilikuwa hapo hapo. Majike walilitazama jitu hili lenye harufu ya msikiti. Waligonganisha meno. Dume, kwa adabu, lilikwenda kwenye kona, na kona hiyo ilikuwa na mwenyewe. Lilikwenda kwenye nyingine, nayo ilikuwa na mwenyewe. Kabla jirani hajamaliza kigelegele cha pili, lilikuwa limeng'atwa mdomo na linapanda ukuta wa sanduku.

"Mume gani anayelia siku ya kwanza?" mama mkwe aliuliza, na sikio langu lilikuwa karibu kuliko la mke wangu.

Ijumaa iliyofuata alirudia harusi, akaongeza udi. Safari hii sikio la dume lilichanika. Nilimtoa kabla sijaombwa, na damu yake iliniingia kwenye kanzu. Usiniulize kwa nini mtu mzima, fundi, alimkumbatia simbilisi namna ile barazani.

Jioni mke wangu alikuja na maneno, macho yake chini. Mama anasema mnyama huchukua tabia za mwenyewe. Mama anasema, asiyepokelewa na wanyama wa nyumba hawezi kupokelewa na watu wake. Nyumba itapakwa chokaa kwa ajili ya Maulidi. Baada ya hapo, kama dume halijakaa na wake zake, kapu litapanda meli ya Andoany, na mwenyewe wa kapu akipenda kulibeba, mwenda kwao si mtoro.

"Na wewe unasemaje?" nilimuuliza.

"Mimi nasema upatane nao," alijibu, akaanza kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno lake mwenyewe tangu harusi yetu, na nilijua kwamba siwezi kuondoka na kofia yangu tu.

Siku ya chokaa ilifika. Vitanda, viti, vyungu na hata misumari vilitolewa uani. Sanduku la sabuni nalo lilitolewa, likasuguliwa kwa maji ya chokaa, likaanikwa juani. Na hapo niliona kitu ambacho sijapata kukiona katika nyumba ile: mama mkwe hakujua akae wapi. Alizunguka uani na kibao chake cha mbuzi mkononi, akajaribu huku, akajaribu kule, mwishoni akaketi ukingoni mwa mkeka niliokuwa nimeukalia mimi, akanigeuzia mgongo, akaanza kukuna nazi. Hakukohoa. Nami nilikunja miguu. Tulikaa hivyo mpaka nazi ikaisha, na ilikuwa alasiri yangu ya kwanza ya amani Mahajanga.

Nazi ya pili haijapasuliwa, nikainuka. Nilitandika mkeka mpya kivulini, mbali na jiko, mahali ambapo hapajalaliwa na yeyote. Niligeuza vikapu vitatu vichwa chini, na kila kimoja nilikikata milango miwili kwa mkasi wangu wa kazi, maana nilikuwa nimejifunza kwamba chumba cha mlango mmoja ni mtego. Nilimwaga ukoka na matembele katikati, mafungu mawili, asije mtu kudai fungu ni lake. Kisha niliwaweka wote watatu kwa pamoja, bila udi.

Waligonganisha meno. Jike kubwa lilipandisha mabega. Mke wangu alinyoosha mkono awatenganishe, nikamshika: hakuna damu, waache waseme. Dume liliingia kikapuni kwa mlango huu, likatoka kwa ule. Jike lilimfuata, likatokea upande wa pili, likakuta matembele, likasahau ugomvi. Jua lilipopungua, walikuwa wakila fungu moja, na lile jingine hapakuwa na aliyelitaka. Sanduku lilikuwa limekauka na kunuka chokaa tupu, harufu isiyo ya mtu. Tuliwaingiza wote pamoja.

Mama mkwe alilitazama sanduku muda mrefu. "Mwambie mwenzio," aliliambia dume, "kwamba vikapu vile vilikuwa vyangu."

Kapu halikupanda meli.

Nazungumza kama mshindi, lakini jambo moja alilijua yeye kuliko mimi. Jike kubwa lilipokaribia kuzaa, alilitoa dume akalirudisha barazani. Mwanamke aliyezaa aachwe apumzike, alisema, mume apishe arobaini yake. Nililiona jambo hilo ni ukali tu, mpaka jirani yetu alipomwacha dume wake ndani, jike lake likashika mimba nyingine watoto hawajakauka, na halikuiweza, likafa.

Kabla ya mvua kwisha, mke wangu naye alijifungua, mtoto wa kike. Nikapewa mkeka barazani, kando ya kapu. Tulilala madume wawili, yeye na sikio lake lililochanika, tukisikia vilio vya watoto ndani na vicheko ambavyo havikuwa vyetu. Chakula kililetwa, mlango ukafungwa.

Arobaini yetu ilipokwisha, asubuhi nilitoka msikitini nikakuta kapu halipo. Niliketi kwenye mkeka, nikangoja nitumiwe mtu. Mlango ulifunguka. Mama mkwe alitoka, akajifunika ushungi kama kawaida, akageukia mahali pa kapu, akafungua mdomo. Pale palikuwa patupu. Mke wangu alikuwa ndani ananyonyesha. Mama mkwe alitazama ukuta, akatazama sakafu, hakupata wa kumtuma.

Akanitazama mimi.

"Mwenzio ameshaingia," alisema. "Wewe unangoja nini?"

Niliingia na viatu vyangu miguuni, na hakukohoa.