Mawe ya Daraja la Sigino

Historia ya Sigino bila mimi haiandikiki. Lakini leo, ndugu zangu, nimebanwa nyumbani kwangu mwenyewe.

Mpwa wangu Neema, yuko kidato cha tano, anaandika insha ya utafiti: jinsi wazee wetu walivyojenga daraja kwa kujitolea. Akaja kwangu. Angekwenda kwa nani mwingine?

Nikampa yote. Nilivyobeba mawe mpaka fundi akauliza, "Huyu ni mtu au trekta?" Mtoto akaandika kurasa na kurasa.

Leo karudi. Simu mezani, inarekodi.

"Shikamoo mjomba. Mwalimu anataka kila ushahidi uthibitishwe na mtu wa pili. Nimekuja na mama."

Mama yake ni dada yangu mkubwa.

Hapo hapo nikakumbuka ng'ombe hawajanywa maji. Dada akavuta kiti, akakaa mlangoni kabisa.

"Kaa chini, Baba Emanueli. Ng'ombe gani? Si uliuza wote?"

Nikakaa. Jasho, jamani! Na insha inatakiwa kesho.

"Mawe aliyabeba mama yetu," dada akasema. "Kichwani. Huyu alikuwa bado ananyonya."

Neema karibu alie. "Sasa mjomba, niandike nini?"

Akafikiri, akamgeukia mama yake. "Na bibi alimwacha wapi mtoto?"

Dada akacheka mpaka akafuta machozi.

Insha imepona. Sasa inahusu akina mama waliojenga daraja, mawe kichwani, watoto mgongoni.

Haya, chekeni, nawaona. Lakini nimo, tena ukurasa wa kwanza: yule mtoto aliyemkojolea mama yake mgongoni, kazi ikasimama.