Damu Iliyomchongea Dobi

Kwa miezi minne damu ya dobi wa hospitali ilikuwa ikimchongea kwa daktari. Kila saa moja asubuhi na saa moja jioni alimeza kidonge chake cha kifafa, na huu ulikuwa mwaka wa tatu hajaanguka. Lakini kila akipimwa, kipimo kilikuja na lake: mara dawa imo ya kutosha, mara imepungua nusu, mara imepanda tena. Daktari, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa na maelezo mamoja tu.

"Humezi."

"Nameza, daktari."

"Karatasi inasema humezi."

Basi karatasi ikishasema, dobi ni nani abishe? Msimamizi wake naye akakataa katakata kumrudisha kwenye pasi kubwa ya mvuke mpaka daktari aandike kwamba dawa anazimeza. Pasi ile aliimudu kwa miaka kumi na mmoja. Sasa alikunja mashuka, kazi ya wanaoanza, na roho ilimuuma. Makoti ya daktari nayo aliyakunja, tena vizuri, maana hasira na kazi hakuvichanganya.

Mwezi wa tano aliongozana na mama mkwe wake kwenda kwa daktari, na hao wawili hawakupikika chungu kimoja.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia daktari kabla hata ya kukaribishwa kiti, "mimi huyu simpendi, na mwenyewe anajua. Tangu mliposema hamezi, namvizia asubuhi na jioni. Namwambia afumbue mdomo, nachungulia mpaka chini ya ulimi. Nilitamani nimfumanie hata siku moja, nipate la kusema. Wapi! Anameza mpaka ananikera."

Daktari akakohoa. Akazipanga zile karatasi nne mezani, akasema taratibu kwamba hilo hutokea: hata kwa asiyekosa kumeza, dawa kwenye damu hupanda na kushuka.

"Ulikuwa unajua?" dobi akauliza.

"Imo vitabuni."

"Na bado ukaniita mwongo!"

Daktari akainama, akaandika barua, akagonga muhuri. Dobi aliisoma koridoni. Mgonjwa huyu anameza dawa zake bila kukosa, barua ilisema, kwa mujibu wa mama mkwe wake.

Mama mkwe akavimba kichwa. Dobi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikamkauka. Pasi yake ameipata, lakini katika barua nzima hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba yeye mwenyewe aliwahi kusema hivyo.