Kwamdoe Haitapanda

Msinikatize, maana nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika simalizi. Naitwa Zuwena, dalali wa viwanja. Kijiwe changu kipo Usagara, barazani pa duka la simu, na watu wa Tanga wanaonijua wanaujua na mdomo wangu. Kazi hii sikuisomea popote. Nilifundishwa na Mzee Eliudi. Habari ninayotaka kuisema ni yake, ingawa sehemu yake mbaya ni yangu.

Mzee Eliudi alikuwa dalali hapa mjini kabla mimi sijaolewa. Mrefu, mkavu, shati kalifunga hadi kifungo cha juu hata jua liwe kali vipi, Mlutheri wa ibada ya kwanza kila Jumapili. Watu wakimwita Mtabiri. Akisema mtaa fulani utapanda bei, hesabu miaka mitatu, minne, umepanda. Akisema hautapanda, basi, weka hela yako mfukoni uende zako. Habari za bandari, sijui bomba la mafuta, sijui kiwanda, alikuwa akizisikiliza huku anachokonoa meno. "Hizo kila mtu anazo," ananiambia. "Bei imeshazila."

Yeye alitazama mambo ambayo mimi nilidhani ni ya wendawazimu. Alikwenda kumuuliza mama wa vitumbua kama beseni linakwisha kabla ya saa tatu. Alitazama kama tripu ya matofali iliyomwagwa kando ya njia jana yake bado ipo. Alitazama wajengaji: aliyechimba choo kwanza, huyo kaja kuishi, aliyemwaga msingi akapotea, huyo anangoja kuuza kama wewe. Na jambo moja alilirudia mpaka likanichosha. "Kiwanja chenye kaburi usikiguse, Zuwena. Kaburi linashusha bei mpaka ya jirani." Nikaliandika kwenye daftari langu la kwanza, na mimi nikaja kuwafundisha wengine vivyo hivyo.

Mkewe alikuwa Mama Leticia, mzaliwa wa Maramba, mnene, mcheshi, mpishi wa makande ambayo sijala mfano wake. Mungu hakuwajalia watoto, Leticia ni jina lake mwenyewe. Walipendana vibaya sana wale wazee, mpaka sie vijana tukawa tunawatania. Mzee akichelewa kidogo tu kurudi, mama yule anapiga simu kijiweni kuuliza, "Mume wangu mmemuuza na yeye?" Alipoanza kuugua figo, Mzee akapungua naye, kilo kwa kilo.

Sasa mjue kitu kingine. Babake Mzee Eliudi alishuka kutoka milimani zamani kuja kukata mkonge, akafia kambini, akazikwa kwenye makaburi ya wafanyakazi. Baadaye lile shamba likakatwa viwanja. Mzee alinipeleka siku moja. Tukasimama katikati ya ukuta wa mtu na banda la kuku, akaangaza huku na huku, akasema, "Ni hapa. Au pale." Hakujua! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, hajui babake kalala wapi, kwa sababu ardhi ile ilipata bei. Nami nikajitia kutafuta kitu kwenye mkoba.

Kwa hiyo Mama Leticia alipozidiwa, Mzee alifanya jambo moja la akili sana. Alichukua ufundi wake wote akaugeuza kinyume. Hakutafuta pahala patakapopanda. Alitafuta pahala ambapo hapatapanda kamwe, ili amzike mkewe pale, naye azikwe ubavuni mwake, na asitokee mtu wa kupataka. Akapapata: Kwamdoe.

Kwamdoe ni nje ya mji, unaacha lami ukate kichakani. Udongo wa mfinyanzi. Masika unakuvua viatu, kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono. Kisima kikichimbwa, maji ya chumvi. Miaka yote wateja wakimuuliza Mzee habari za Kwamdoe alikuwa akicheka. "Kwamdoe haitapanda. Hata mjukuu wako hataiona ikipanda."

Lakini mimi hakuniambia. Niliona tu siku tatu mfululizo anapanda bodaboda na kurudi na udongo viatuni. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema anatoka kumwona mgonjwa. Lo! Na mgonjwa wake yupo ndani kwake Makorora, nimetoka kumsalimia asubuhi ile. Nikasema moyoni, mzee huyu ananificha kitu. Siku ya nne nikamfuata. Nikamwona kwa macho yangu yupo Kwamdoe, anapima kwa hatua, ishirini huku, ishirini kule, kainama kama anatafuta sindano.

Wallahi, akili yangu ilikwenda palepale inapokwendaga. Nikasema, ala! Kumbe! Miaka yote anatuambia Kwamdoe haitapanda, kumbe anatuzuga ili anunue peke yake! Nikapandwa na hasira, kunificha mimi mwanafunzi wake! Kesho yake nikauza bangili zangu za harusi, nikanunua viwanja viwili, kimoja kinapakana na chake. Ningenyamaza hapo, pengine yasingekuwa makubwa. Lakini mimi na kunyamaza wapi na wapi? Nikamwambia binamu yangu Khadija. Nikamwambia Luqmani, mfyatua matofali, maana nilitaka anikopeshe matofali ya uzio. Nikawaambia maneno manne tu: Mtabiri kanunua Kwamdoe kimyakimya.

Wiki haikwisha. Walikuja na magari, walikuja na baiskeli, walikuja walimu, walikuja wauza mitumba, kila mmoja anajitia hamnazo kana kwamba alikuwa anapita tu. Bei ikapanda mara mbili, mara tatu. Luqmani akahamishia mashine yake kulekule. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za maji. Kilichowatosha ni kwamba Mzee Eliudi kanunua.

Mama Leticia alifariki mwezi wa nane. Tulimzika Kwamdoe. Mchungaji anasali upande huu, upande ule mashine ya matofali inanguruma, maana Luqmani alikuwa na oda ya watu. Mzee Eliudi alisimama kaburini, akageuka polepole akatazama misingi, nyuzi za mafundi, marundo ya mchanga. Uso wake sitausahau. Alikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta wageni wamekaa.

Na mnajua watu walisema nini? Nilisikia kwa masikio yangu mawili. "Mjanja huyu. Kazika hapa ili atutishe, tuuze kwa bei ya kutupa, anunue yeye." Mke wake huyo, amelala kwenye sanduku! Nilipaswa kumrukia mtu shingoni siku ile. Sikusema kitu, kwa sababu nami nilikuwa na viwanja viwili na nilianza kuhesabu kaburi lile litanipunguzia kiasi gani.

Baada ya matanga Mzee akaja kijiweni. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Zuwena, hii ya Kwamdoe, nani alianza?"

"Watu tu, mzee. Si unawajua watu?"

Akaitikia kwa kichwa, akaketi, akaomba maji ya kunywa.

Mwaka ukapita. Kwamdoe ikapata mwenyekiti, Hosea, na kamati, na mipango ya kuleta wapimaji ili kila mtu apate hati. Kikao kikaitwa chini ya turubai kwenye uwanja wa Luqmani. Ajenda ya mlango wa mbele ilikuwa upimaji. Ajenda yenyewe ilikuwa kaburi. Wanunuzi walikuwa wanakuja, wanauona msalaba, wanaaga kwa adabu na hawarudi.

Mzee Eliudi akasimama. Alikuwa amekonda, suruali kaikaza kwa kamba. Akasema, "Wanangu, sina muda mrefu. Nimeacha nafasi ubavuni mwake, futi sita tu. Niacheni nilale hapo. Nikishalala, jengeni mtakavyo, sitawasumbua."

Kisha Luqmani akainuka, na kwa heshima kabisa, maana si mtu mbaya, akasema, "Mzee, samahani sana. Ila wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Kaburi moja linashusha bei mpaka ya jirani. Mawili je?"

Mzee akaketi. Maneno yalikuwa yake.

Hosea akasema wanaotaka kaburi lihamishwe wanyooshe mikono. Mimi nilikuwa na mnunuzi, nesi mmoja kutoka Korogwe, kaniambia wazi atalipa kaburi likiondoka. Nilikuwa na ada za watoto. Nilikuwa na bangili zangu mle ardhini. Nazitaja sababu hizi kila nikikumbuka, na haijatokea siku zikanitosha. Niliunyoosha mkono, si juu, mpaka usawa wa bega. Hosea akauhesabu. Mzee Eliudi alikuwa ananitazama.

Wakampa siku tisini. Akishindwa kupata pahala, ndugu wa marehemu wataitwa wamchukue dada yao wakamzike Maramba, kwenye ardhi ya ukoo wao. Na kule, mume wa binti wa ukoo hazikwi. Hilo Mzee alilijua, na mimi nililijua.

Kesho yake alikuja kijiweni, si kwa ugomvi. Akaketi palepale. "Zuwena mwanangu, miguu yangu haiwezi tena kuzunguka. Nitafutie pahala. Pabaya, Zuwena. Pabaya kweli. Pa kutuweka sisi wawili."

Nilitafuta, Mungu shahidi yangu, kwa kufa na kupona. Nilikwenda njia ya Mkinga, nikaacha barabara, nikapita mawe matupu ambapo hata mbuzi hawakai. Nikamkuta bwana mmoja, Uweso, ana kipande cha mawe hajui akifanyie nini. Tukapatana. Nikawa napima kwa hatua. Nikainua kichwa, naona bodaboda mbili zimesimama, vijana wa kijiwe wamenifuata kutoka mjini.

"Dada Zuwena, huku nako kumeanza?"

"Hakujaanza kitu. Natafuta pa kumzika mtu."

Walicheka! Mmoja akashika tumbo. "Kama Mzee Eliudi alivyozika Kwamdoe, siyo?"

Nikawatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Haikusaidia. Jioni Uweso akanipigia simu, bei imekuwa mara nne. Kesho yake akasema hauzi tena, atangoja kidogo aone. Nikajaribu kwingine, ikawa hivyohivyo. Nikajaribu pa tatu. Nikamtuma mtu mwingine aninunulie, akajinunulia yeye. Siku tisini zikaisha nikiwa sijapata hata mahali pa kuzika paka.

Asheri, kaka wa Mama Leticia, akaja na kenta kutoka Maramba pamoja na wajukuu wa ukoo. Wakafukua kwa utaratibu, wakaliingiza sanduku kwenye sanduku jipya, wakalipakia. Mzee Eliudi alikuwa ameshika ubao wa kenta kwa mikono miwili.

"Asheri, shemeji yangu. Na mimi?"

Asheri akatazama chini. Ni mtu mzima, machozi yalikuwa yanamtoka. "Shemeji, laiti ingekuwa mimi. Ni wazee. Walioolea kwetu hawalali pale."

Kenta ikaondoka. Mzee akatembea nayo ameshika ubao, hatua kumi, kumi na tano, kisha gari likakazana akaliachia. Akabaki kasimama kwenye tope. Nilitaka kwenda kumshika mkono, sikwenda. Luqmani ndiye aliyemwendea, kavua kofia.

"Pole sana, mzee. Na hiki kiwanja sasa... utafanyaje?"

"Muulize Zuwena," akasema. "Yeye ndiye dalali."

Nilikiuza mwezi uleule. Kwa kuwa sasa kilikuwa safi, na kwa kuwa kilikuwa cha Mtabiri, walikigombea mpaka kikafika bei ambayo Kwamdoe haijapata kuiona. Nikampelekea hela zote chumbani kwake Makorora. Alikuwa kitandani. Akazihesabu mara moja, akatoa fungu la udalali, akaninyooshea.

Nikamwambia, "Mzee, naapa, sitaki. Hii sichukui."

"Chukua, Zuwena," akasema, na hakuwa na hasira hata chembe. "Kazi ya kukipandisha umeifanya wewe, tangu siku ile uliyonifuata."

Nikazipokea kwa mikono miwili.