Seni Nyanda Wawili

Yohane aliichukia harufu ya ngozi kuliko kitu chochote. Mwaka 1976, alipoletwa kutoka Iringa kuwa karani katika ghala la ngozi la ushirika mmoja mjini Mbeya, alitapika mlangoni, wapakiaji wakimcheka. Ngozi mbichi zilizotiwa chumvi zilirundikwa hadi karibu na dari. Maji mekundu yalichuruzika sakafuni, na katikati ya mikunjo funza walitokota kama uji. Siku hiyo hiyo akahamishia meza yake barazani.

Kazi yake ilikuwa ya kadi. Kila ngozi ilikuwa na kadi yake: jina la mwenyewe, daraja na uzito. Pembeni kadi zilikuwa na matundu, na tundu la kundi fulani lilikatwa hadi ukingoni likawa pengo. Yohane alipitisha katika tundu hilo sindano ndefu, kama ya kufumia sweta, akainua kadi zote na kuzitikisa. Zilizokatwa pale zilidondoka, nyingine zikabaki zikining'inia. Kisha akajumlisha kilo za zile zilizodondoka.

"Ngozi zenyewe za nini?" alipenda kusema. "Kadi inatosha."

Saba Saba ilipokaribia, meneja, Bwana Sedekia, akatangaza zawadi ya plau ya kukokotwa na ng'ombe kwa mfugaji atakayekuwa ameleta uzito mkubwa zaidi wa daraja la kwanza. Yohane akapanga kadi kwa majina, akajumlisha, akampata mshindi: Seni Nyanda.

Siku ya sherehe jina likatajwa uwanjani. Wakasimama watu wawili, mmoja mzee wa Usangu, mwingine kijana aliyekuwa na mji wake Chunya. Hawakujuana. Vigelegele vikapigwa pande mbili.

"Kaa, baba, ni mimi," alisema kijana.

"Jina hili nilipewa kabla baba yako hajaoa," alijibu mzee. "Kaa wewe."

Wakaanza kutukanana. Yohane alipowaona, akaelewa kosa lake. Kwa sababu majina yalifanana, alikuwa amewatia watu wawili katika kundi moja.

Bwana Sedekia akamvuta kando. "Kila mji wa mfugaji una chapa yake ya moto kwenye ngozi. Ulizitazama?"

"Hapana, bwana."

"Kwa nini?"

"Zinanuka."

Meneja alimtazama kama anayetazama kiatu kilichokanyaga kinyesi. "Plau inangoja. Nenda kazitenge."

Seni wote wawili wakamfuata ghalani. Yohane akafunua ngozi moja baada ya nyingine, manyoya yakimganda vidoleni, utelezi ukimpanda hadi kwenye viwiko. Funza mmoja alimwingia kwenye mkono wa shati. Kila ilipoonekana chapa ya mmoja wao, mwenyewe alisema, "Yangu hiyo," nayo ikawekwa upande wake. Yohane alipopima na kujumlisha kila rundo peke yake, hakuna Seni aliyefikia kilo za Mbuke, mjane wa Usangu aliyeshika nafasi ya pili.

Kijana akatema mate chini. "Umenisimamisha mbele ya wakwe zangu, nikamtukana mzee wa watu, kwa sababu ya pua yako!"

Mzee hakupandisha sauti. "Mwanangu, sisi tunalala na harufu hii. Watoto wetu wamekulia ndani yake. Sasa ukituona sisi, unaona nini?"

Yohane alijichukia, lakini hata wakati huo alikuwa akipumua kwa mdomo, na mzee alimwona.

Waliporudi uwanjani watu wengi walikuwa wameshakwenda kunywa. Mbuke alikabidhiwa plau bila ngoma wala makofi.

"Mmenipa mabaki ya sherehe," alimwambia Yohane, akawaita wanawe waibebe.

Tangu hapo Yohane aliongeza tundu la chapa kwenye kadi, na ili alikate ilimbidi aingie ghalani kila asubuhi. Mzee Seni aliendelea kuleta ngozi na kumsalimia vizuri. Yule wa Chunya hakuonekana tena.