Kete za Mkono Wangu

Niliondoka mtaani Isevya asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mabati, na sikuwa na safari yoyote kichwani. Nilikuwa nimechoka na chumba, nimechoka na kitanda kilichokuwa kikilia kila nikigeuka. Miaka ile sikuweza kukaa mahali. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara, na tangu hapo nilikuwa nimeshachoma matofali, nimepasua kuni, nimelinda ghala, nimekuwa utingo wa malori. Utingo ndio ulionilemaza kidole. Bodi ya lori ilishuka kabla sijautoa mkono, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikapona kimenyooka kama kijiti, hakikunjiki.

Kazi bado niliziweza. Kilichonishinda kilikuwa bao.

Na bao ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri. Kila mji niliofika, nilitafuta kwanza wachezaji, chakula baadaye. Sasa, kwenye baraza letu la mtaa wa Mtendeni kulikuwa na sheria: kete ikikudondoka chini, zamu yako imekwisha, anacheza mwenzio. Sheria hiyo ilikuwapo siku zote na haikuwahi kunigusa. Baada ya kidole, nikawa nazidondosha kila nikishika nyingi.

"Anapanda mtama huyo!" walinicheka jioni iliyopita. "Mpeni na jembe!"

Niliwaza nisipopata njia ya kucheza, nitabaki na nini? Miguu itatulia, uzee utakuja, na mimi hata bao sina.

Miguu ikanipeleka Mtendeni kwa fundi mmoja aliyechonga vinu, vigoda na mabao. Alikuwa amekaa kwenye jamvi mbele ya duka, kofia imemrudi kisogoni, anapiga msasa mguu wa kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bao ninalo, la mninga, zuri."

"Bao sihitaji. Nataka kete tu."

Akanimwagia aina zote alizokuwa nazo, kila moja na kikopo chake. Kulikuwa na komwe za kijivu, za mviringo, laini kama zimepakwa mafuta. Nikazijaza mkononi, nikazisambaza hewani kana kwamba bao liko mbele yangu. Mbili zikaanguka. Kulikuwa na mbegu za mkola, nyeusi, ndefu, zenye kichwa chekundu. Hizo ni nzuri machoni, ila nikishika nane mkono umejaa. Kulikuwa na kokoto za mtoni, ambazo ziligongana kwa mlio mzuri lakini zilikuwa nzito, na moja ikiponyoka huvuta nyingine. Nilirudia. Nilibadilisha. Nilizishika nikiwa nimesimama, halafu nikiwa nimechuchumaa, maana bao halichezwi wima.

"Kijana," fundi akasema, "unachagua kete au unachagua mchumba?"

"Mchumba ningekuwa nimeshaondoka naye, mzee."

"Kwa mkono huo? Angekuponyoka mlangoni."

Akacheka peke yake, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa mbegu ndogo za kahawia ambazo yeye mwenyewe hakujua jina lake. Zilitoka porini, alisema, na hakuna aliyezitaka kwa kuwa zinakwaruza. Ngozi ya mbegu hizo ilikuwa kama ulimi wa paka. Nikashika kumi na mbili. Nikageuza mkono, nikautikisa. Hata moja haikutoka mpaka niisukume kwa dole gumba.

Nikahesabiwa thelathini na mbili, fungu la mchezaji mmoja, nikalipa. Kurudi barazani asubuhi ile hakukuwa na maana, wenzangu wangekuwa kazini mpaka alasiri, na mimi sikuweza kusubiri mpaka alasiri. Lori lilikuwa linapakia chumvi kuelekea Nzega. Dereva nilimfahamu. Nikapanda juu ya magunia na kete zangu mfukoni, nikizipapasa njia nzima, barabara ileile ya zamani ya wapagazi, vumbi tupu.

Lori likachemka Puge. Wakati dereva anatafuta maji, niliona wanaume wawili wamechuchumaa mbele ya nyumba mpya. Nyumba zote zilikuwa mpya, zimepangwa mistari miwili, maana watu walikuwa wamehamishiwa pale kutoka mashambani kwao si muda mrefu. Kati ya wanaume wale wawili palikuwa na bao. Nikashuka na kete zangu. Lori liliondoka bila mimi.

"Ndugu mgeni," mmoja akasema baada ya salamu, "mimi ndiye balozi wa nyumba hizi kumi. Umekuja kwa nani?"

"Kwa bao."

"Bao si ndugu wa mtu hapa. Siku hizi mtu asiye na mwenyeji anaitwa mzururaji, anarudishwa alikotoka."

"Basi tucheze kwanza, ndugu balozi, halafu unirudishe."

Mkewe, aliyekuwa akipepeta karanga karibu, akacheka. Balozi akasogea, na mwenzake akanipisha.

Nikaomba kutumia kete zangu upande wangu. Yeye alikuwa na komwe ambazo babu yake, mpagazi, alirudi nazo kutoka pwani, zimesuguliwa na mikono mpaka zinang'aa. Nikaanza vizuri sana. Mbegu zangu zilitulia kiganjani. Nikala shimo lake la kwanza, shimo nono, na hapo ndipo nilipojua upumbavu wangu. Nilichokula kilikuwa chake. Mkono wangu ulikuwa umejaa komwe.

Bao ndivyo lilivyo. Ukicheza vizuri, unashika kete za mwenzio. Nilijua hilo tangu utotoni, na nilishinda nusu ya asubuhi nikichagua zangu.

Komwe mbili zikadondoka mchangani.

"Na hapa pia zamu imekwisha," balozi akasema.

"Mwanamume huyu anavuja," mkewe akaongeza.

Mara ya pili nilipokula, kwa hasira nikageuza kiganja juu. Komwe zikateremka zenyewe juu ya kidole kilichonyooka, kama maji kwenye mfereji, na dole gumba likawa linazifungulia moja moja. Shimo, shimo, shimo. Sikudondosha. Nikajaribu hivyohivyo na mbegu zangu za kahawia, zikakwama. Zilinikwaruza na kusimama pale.

Nilifungwa, kwa akili ya balozi na si kwa kidole changu. Mchezo ulipokwisha akazoa kete zote pamoja, zake na zangu, akazimimina kwenye kopo moja.

"Za kahawia ni za kwangu," nikasema.

"Zako? Ndugu, hiki ni kijiji cha ujamaa."

Wakacheka wote watatu, balozi, mkewe na yule mwenzake. Nikamwambia azichukue zote, ila kesho tukicheza, bao lote liwe la komwe tu.

"Kesho asubuhi kuna shamba la kijiji," akasema. "Bao jioni."

"Nitalima."

"Basi nimekuandika mgeni wangu."

Mkewe akanionyesha chumba cha nyuma, cha kuwekea karanga. Akasukuma magunia ukutani, akatandika mkeka, akaniletea maji ya kunawa. Nilikaa kidogo, nikainuka, nikatoka tena mlangoni na kumuuliza njia ile inayopita nyuma ya nyumba inaelekea wapi.

"Igunga," akasema. "Lakini nawa kwanza, ugali unapoa."